Bwana Rudia na Karakana Isiyokodishwa

Ndugu, jamaa, majirani, mafundi na wote mliofunga safari kuja kutushika mkono: maneno haya yameandikwa na mke wa marehemu. Yanasomwa na binti yake mkubwa kwa sababu mwandishi hana uhakika na sauti yake leo.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1961 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita. Baba yake alikuwa fundi bati, mtengenezaji wa masanduku, ndoo na taa. Hakuwa mchuuzi wa vyuma chakavu, kama gazeti moja lilivyowahi kuandika, na tunaomba kosa hilo lisirudiwe. Mama yake alikuwa mshonaji wa nguo za shule. Mama alipenda kusimulia kwamba kati ya watoto wake wote, huyu ndiye aliyekuwa akimpelekea mteja nguo ikiwa imegeuzwa ndani nje, ili mwenyewe aukague mshono kabla ya kuiona rangi. Wateja wengine walikasirika. Wengi walirudi.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao kuanzia mwaka 1968, kisha shule ya sekondari ya wavulana hadi mwaka 1978. Mwaka 1979 alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu mwaka 1981 katika ufundi mitambo na kuchomelea vyuma. Katika karakana ya chuo alikuwa wa kwanza. Hesabu alirudia mtihani, na hakuona haya kulisema, hata mbele ya wakwe.

Mwaka 1982 aliajiriwa na kiwanda cha nguo, idara ya matengenezo. Ni katika miaka hiyo ndipo alipotumwa na kiwanda kwenda kutengeneza vigoda vya maabara katika shule ya sekondari ya wasichana, ambako mwalimu mmoja kijana wa kemia alilalamika kwamba kigoda chake kinayumba. Marehemu alikuja kukitazama. Wiki iliyofuata akaja tena. Alipokuja mara ya tatu, mwalimu mkuu alimuuliza, "Fundi, hiki kigoda kina ugonjwa gani usiopona?" Akajibu, "Mwalimu, kuna vigoda vinavyotaka uangalizi wa karibu." Ukweli ni kwamba kigoda kilikuwa kimetulia tangu siku ya kwanza, na wote wawili walijua. Walifunga ndoa tarehe 16 Desemba 1989. Mungu aliwajalia watoto watatu. Maisha yao yote marehemu alimwita mkewe "Mwalimu", nyumbani na hadharani.

Kiwanda cha nguo kilifungwa mwaka 1996. Marehemu hakufukuzwa kazi, kama wengine wanavyodhani. Alikuwa miongoni mwa watu wa mwisho kubaki pale. Walibakizwa ili wafanye kazi moja: kuikata kwa gesi mitambo waliyoitunza miaka yote ile, vipande vipakiwe kwenye malori. Siku alipoimaliza alirudi nyumbani, akakaa kwenye ngazi ya mlango bila kuvua buti. Mkewe alipotoka na chai, alisema, "Mwalimu, leo nimemchinja ng'ombe niliyekuwa nikimkamua." Chai ilipoa. Anayetaka kuelewa mambo aliyoyafanya baadaye, na ukaidi aliolaumiwa nao, aanzie pale kwenye ngazi.

Mwaka huohuo alifungua karakana yake, akatengeneza mageti, madirisha na matangi ya maji. Mdogo wake, aliyekuwa karani wa benki, aliacha kazi akaja kumshikia ofisi. Geti lake lilijulikana mji mzima kwa sababu halikupiga kelele likifungwa.

Kisha ikapatikana gesi, na ikatoka sheria iliyowataka wenye miradi ya mafuta na gesi wanunue hapa nchini kinachoweza kupatikana hapa, na wawafundishe watu wa hapa kazi wasizozijua. Wengi waliisoma kama tangazo la zabuni. Marehemu aliisoma kama mtu aliyeahidiwa kurudishiwa kiwanda.

Mwezi Mei 2014 wafanyabiashara waliitwa hotelini kuelezwa nafasi zao. Ofisa manunuzi wa mradi alizitaja: mboga, mayai, ulinzi, kufua mashuka, kuwabeba wafanyakazi. Marehemu alinyoosha mkono.

"Na mabomba?"

"Mzee, mabomba yana viwango."

"Najua yana viwango. Nauliza vinapatikana wapi, nikavisome."

Ukumbi ulicheka. Kutoka nyuma mtu akapaza sauti: "Mzee wa mageti, waache wenzio wauze mayai!"

Marehemu aligeuka. "Uza, kaka, uza sana. Ila gesi ikiisha, wewe utabaki na kuku. Mimi nataka ikiisha tubaki na mafundi."

Baada ya kikao, mhandisi mmoja mama kutoka mamlaka ya mafuta na gesi alimfuata kwenye maegesho akamwambia, "Hivyo viwango ninavyo mimi. Njoo Jumatatu." Mama huyo yupo nasi hapa leo, na familia inamshukuru. Kupitia kwake karakana ilipata mkufunzi, na kwa miaka miwili mafundi waliotoka kwenye mageti walijifunza upya kuchomelea. Katika kazi ya gesi, mshono wa bomba hupigwa picha ya eksirei kama mguu uliovunjika, na tundu dogo kama punje ya mchanga linatosha kuukataa. Marehemu alijifunza kuzisoma picha hizo. Alizishika kwenye mwanga wa dirisha, akatazama, kisha akasema neno moja: "Rudia." Ndipo lilipozaliwa jina la Bwana Rudia, ambalo wengi wenu mnalijua kuliko jina lake la kuzaliwa. Hata wanawe walipoleta kazi ya shule walijua hukumu yao mapema.

Mwaka 2018 karakana ilipewa kazi yake ya kwanza ya chuma kisichoshika kutu: mabomba mafupi ya maji kwa kambi ya wafanyakazi wa mradi. Yalipigwa picha, yakapita, yakapokelewa. Baada ya mvua za kwanza yakaota madoa mekundu kama mtoto mwenye tetekuwanga. Habari zilikimbia kuliko kutu yenyewe. Mjini watu walisema, "Si tuliwaambia? Vitu vya hapa ndivyo vilivyo." Wengine walimshauri aseme kwamba chuma alichouziwa kilikuwa kibovu.

Chuma hakikuwa kibovu. Mafundi walikuwa wamekilainisha kwa mawe yaleyale ya kusagia waliyoyatumia kwenye mageti. Vumbi la chuma cha kawaida lilijishikiza juu ya kile kipya, likashika kutu kwa niaba yake. Mkewe alipomweleza hivyo wakati wa chakula, aliweka kijiko chini.

"Kwa hiyo ni sisi."

"Ni nyinyi."

"Basi afadhali."

"Afadhali nini, baba watoto? Umeaibika mji mzima."

"Kingekuwa chuma, ningefanya nini? Lakini sisi tunafundishika."

Aliyarudisha yote, akayasafisha kwa dawa, akayapeleka tena kwa gharama yake, na popote alipoulizwa alisema kosa lilikuwa la karakana. Kisha akajenga ukuta katikati ya karakana: upande huu chuma cha kawaida, upande ule chuma kisichoshika kutu, kila upande na mawe yake, brashi zake na viatu vyake. Mafundi walimtania kwamba kutoka chumba cha mageti kwenda cha mabomba unavua viatu kama unayeingia kwa mkwe. Aliwaacha wacheke, mradi wavue.

Tangu hapo hakuna bomba lake lililorudishwa. Mwaka 2022 karakana ilipata kazi aliyokuwa akiisubiri tangu siku ile hotelini: vipande vya bomba la gesi lenyewe, vya kufungwa ndani ya mtambo wa kusafishia gesi. Haikuwa sehemu kubwa. Mtu akisimama mbele ya mtambo huo huenda asiione. Lakini ilitengenezwa hapa, na mikono ya watu waliosimama leo pembeni ya kaburi hili.

Wakati huo alikuwa ameshaanza kuumwa. Kikohozi kilianza mwaka 2021, akakiita vumbi. Alipokubali kwenda hospitali, daktari alisimamisha picha ya mapafu yake kwenye mwanga, na marehemu akaomba asogee aione.

"Hapa pana matundu," alisema. "Na hapa pameungua. Daktari, hii mimi ningeirudisha."

Daktari alicheka, kisha akaona mgonjwa hacheki. Katika ujana wake marehemu alichomelea ndani ya matangi bila barakoa, kama walivyofanya wengi wa rika lake, na moshi ule ulikuwa umekaa. Mafundi, sasa mnajua kwa nini aligombana nanyi juu ya barakoa kuliko juu ya kitu kingine chochote. Hata wodini hakuacha: alipitisha kidole kwenye ukingo wa kitanda akamuuliza muuguzi, "Dada, aliyechomelea kitanda hiki alikuwa anawahi wapi?"

Tunafika mahali ambapo familia imetafakari kama paandikwe. Mdogo wake marehemu mwenyewe ameomba pasomwe kama palivyokuwa.

Mwezi Agosti 2024, kampuni moja ya nje ilituma watu wawili nyumbani kwetu. Walikuwa wamepata zabuni kubwa ya mabomba, na sheria ilitaka sehemu ya kazi hiyo ifanywe na kampuni ya hapa. Mabomba yao yalikuwa yamekwisha kutengenezwa, yako melini. Walichokosa ni jina.

"Mzee, hamtahitaji hata kuwasha mashine," mmoja alisema. "Tunabandika jina la karakana yenu, mkaguzi anakuja anaona karakana ipo, basi."

"Na vijana wangu?"

"Watalipwa."

"Kwa kufanya nini?"

"Kwa kuwepo tu, mzee."

Marehemu alikuwa na mpira wa hewa puani. Alivuta pumzi mara mbili kabla ya kujibu. "Kuwepo walikuja wanakujua. Mimi niliwafundisha kazi."

Wageni waliaga. Mdogo wake alibaki, na alikuwa na sababu zake. Karakana ilikuwa imebakiwa na kazi ya miezi michache. Kampuni nyingi zilizoandikishwa pamoja nasi zilikuwa zimeshaacha kutengeneza chochote, zinakodisha majina tu, na wenye kampuni hizo walionekana wananenepa.

"Kaka, wewe unapumua kwa mtungi. Vijana wameanza kuulizia kazi kwingine. Kila mtu anafanya hivi."

"Ndiyo maana kila mtu anauliza kiwanda kiko wapi."

"Usinihutubie, kaka. Mimi ndiye ninayekaa na vijana mwisho wa mwezi, si wewe."

"Haya, sikuhutubii. Nakuuliza. Mtu akikuuliza bomba hili limetengenezwa wapi, utasemaje?"

"Nitasema kwetu."

"Akisema, hebu nionyeshe?"

Mdogo wake alichukua kofia yake akaondoka bila kuaga. Tangu waache shule, ndugu hao wawili hawakuwahi kupitisha wiki bila kuonana. Safari hii zilipita wiki nyingi. Mafundi wanne waliaga karakana katika kipindi hicho, na marehemu hakuwalaumu. Alipiga simu mwenyewe kuwaombea mahali pazuri. Lakini jioni alikaa akiangalia mlango, na gari lolote likipunguza mwendo nje alikuwa akiuliza, "Ni yeye?"

Tarehe 9 Novemba kampuni ya mtambo iliwaalika wote waliouuzia vifaa waje wauone ukifanya kazi. Mahali pale huingii bila kibali, kwa hiyo marehemu hakuwahi kuyaona mabomba yake yakiwa yamefungwa. Shati lake lilipigwa pasi tangu juzi yake. Asubuhi ile hakuweza kufika hata kwenye kiti cha sebuleni. Alilia, na hatuoni aibu kuliandika. Kisha akasema, "Mwalimu, mpigie mdogo wangu. Mwambie aende yeye."

Mdogo wake alikwenda. Jioni alikuja moja kwa moja, akiwa bado na kofia ngumu waliyopewa getini, akaketi kwenye ukingo wa kitanda. Waliongea kana kwamba hakukupita kitu.

"Yapo, kaka. Yamepakwa rangi ya njano."

"Yanavuja?"

"Hayavuji."

"Umeyaona yote?"

"Nimeyatafuta mpaka nikayapata. Nikawaambia wale waliokuwa wakitutembeza, haya ni yetu. Hawakuamini. Nikawaonyesha alama za mafundi kwenye mishono: hii ya nani, hii ya nani."

"Umegusa?"

"Nimegusa."

"Linasemaje?"

"Linatetemeka kidogo, kaka. Kama paka anayekoroma."

Marehemu alifumba macho akatabasamu. Kabla ya kuondoka mdogo wake aliinama akamwambia, "Wale wageni nitawajibu mwenyewe." Aliwakatalia keshoye. Hakuna aliyemtuma.

Mwezi Desemba hali ilizidi. Alilazwa, na watoto wote walifika. Aliaga dunia Jumanne tarehe 14 Januari 2025, saa nne asubuhi, wodini, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe. Mkono ule ulikuwa na makovu madogo ya cheche kuanzia kidole hadi kiwiko. Mkewe aliyajua moja moja, na mengi kati ya hayo aliyafunga mwenyewe. Muuguzi alipokuja kuuweka mkono chini ya shuka, mkewe aliomba aachiwe kidogo. Alikuwa hajamaliza.

Tangu siku hiyo maneno yamekuwa mengi kwenye viti vya nje. Wapo wasemao marehemu alitia saini akiwa kitandani. Wapo wasemao mjane atauza, maana mwalimu wa kemia na karakana wapi na wapi. Wale wageni wawili nao walikuja Alhamisi kutupa pole. Walikaa kwa adabu, wakanywa chai, kisha wakauliza kwa upole kama familia imeshafikiria. Tunawashukuru kwa pole yao.

Familia imefikiria. Jana jioni tulikaa sebuleni, watoto, mdogo wake, dada zake na fundi mkuu, na baada ya mazungumzo marefu kauli ikawa moja. Marehemu hakutia saini chochote, wala hakuna aliyetia saini kwa niaba yake. Karakana haiuzwi, na jina lake halikodishwi. Mwenye haja ya mabomba aje na vipimo vyake; atatengenezewa, na akitaka kusimama aone yanavyotengenezwa atapewa miwani na barakoa. Mdogo wake marehemu ataiongoza. Fundi mkuu atasoma picha.

Hatuwaahidi kwamba itasimama. Kazi tuliyonayo ni kidogo, na kampuni zinazokodisha majina zinatushinda kwa bei kila zabuni. Hilo hatulifichi, kwa sababu yeye hakulificha. Ikianguka, itaanguka ikiwa na moto ndani yake. Haitabaki kuwa kibao juu ya mlango wa chumba kitupu.

Marehemu ameacha mke, watoto watatu, ambao ni muuguzi, mwalimu wa hesabu, na binti wa mwisho anayesomea ukaguzi wa vyuma, wajukuu wanne, mdogo wake, na dada wawili. Ameacha pia mafundi saba, ambao sheria ya mirathi haiwatambui lakini yeye aliwahesabu kila alipohesabu watu wake. Kaka zake wawili wamemtangulia.

Mwenyezi Mungu ampumzishe mahali pasipo moshi, avute pumzi ndefu aliyoikosa. Lala salama, mume wangu. Jumatatu tunafungua.